Nilipandishiwa rate ya siku, siku zenyewe zikaisha

Wakuu, walionizidi umri shikamoo. Nyinyi wengine marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Hoteli siitaji jina kwa sababu huku kwetu watu wanajuana. Mengine nayaweka kama yalivyokuwa, hata yale ya kunitia aibu.

Kiswahili changu msinisahihishe. Shule niliiacha darasa la nne na sijawahi kuirudia kuomba msamaha.

Nilianza kwa kupandisha aerial za TV pale Kisumu Ndogo, Malindi, mabati yakiniunguza nyayo. Zikaja dishi, nikazijua. Ikaja internet, nikaijua pia. Hakuna aliyenishika mkono. Nilimtazama fundi mmoja akibana vichwa vya waya siku mbili, siku ya tatu nikanunua koleo langu.

Leo nina nyumba ya mawe Kuruwitu, na watoto watatu wamesomeshwa na koleo hilo. Kwa hiyo nikisema mimi ni IT contractor, asicheke mtu.

Sasa sikilizeni.

Kuna hoteli moja Kikambala nimeifanyia kazi miaka kumi na moja. Sikuajiriwa. Nalipwa kwa siku: ukiitwa umelipwa, usipoitwa shauri yako.

Na kuitwa niliitwa haswa. Panya hula waya, chumvi ya bahari hula vichwa vyake, tumbili nao wanachezea zile za nje. Mwezi haukupita bila siku kumi na mbili, kumi na tano. Mgeni akikosa Wi-Fi chumbani analalamika kuliko aliyekosa maji.

Hapa ndipo penye siri yangu.

Waya zote za hoteli ile ni za buluu, zote sawa, mamia yamelala darini. Fundi msomi huzibandika karatasi na namba. Mimi kuandika herufi ndogo kunanitoa jasho. Basi nikachukua leso kuukuu za kujifunga za mke wangu, Sidi, nikazirarua vipande. Chekundu jikoni na mgahawani. Cheupe vyumba vinavyotazama bahari. Cheusi ofisini, hicho kilikuwa kaniki cha marehemu mama. Halafu mafundo. Fundo moja chumba cha kwanza, mafundo mawili cha pili, hivyo hivyo.

Ramani ya hoteli nzima ilikuwa kichwani mwangu na vidoleni. Hata gizani nilipapasa nikajua niko wapi.

Lakini nyinyi mliozaliwa huku mshaona kilichotokea. Nyekundu, nyeupe, nyeusi! Hizo ndizo rangi za mganga.

Wafanyakazi wakaanza kunong'ona kwamba mzee amefunga fingo darini, atakayegusa mkono utapooza. Hata fundi wa umeme wa hoteli akawa hapandi kule.

Mimi nikanyamaza. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Wakiniuliza nacheka tu.

Wakuu, nilijiona nina akili kuliko wote. Kazi ya saa moja niliivuta siku nzima, nani angenipinga? Hakuna aliyekuwa tayari kupanda kuangalia.

Mwaka huu wakaleta fundi kutoka Nairobi, bwana mmoja wa makamo mwenye tai, kufunga kamera. Alikaa siku tatu. Karisa, anayekaa stoo, rafiki yangu wa siku nyingi, akaniita pembeni.

"Mwenzangu, unajua yule analipwa ngapi?"

"Ngapi?"

"Elfu nane kwa siku. Na darini hajapanda, kaambiwa kuna fingo lako."

Mimi nilikuwa nalipwa elfu mbili na nusu, miaka mitano bei ile ile. Usiku huo sikula. Si kwa njaa ya pesa, msinielewe vibaya. Ni ile ya kuonekana wewe ni wa bei rahisi ndani ya nyumba unayoijua kuliko mwenyewe.

Nikangoja wiki mbili kabla ya Pasaka, hoteli ikiwa imejaa bookings, nikavaa shati la Jumapili nikaenda kwa meneja. Bi Rehema, mtu wa Mombasa, mama mwenye heshima zake. Hajawahi kuniita fundi hata siku moja, huniita baba.

"Shikamoo baba. Karibu chai."

"Marahaba. Nimekuja kuzungumzia bei ya siku yangu."

"Zungumza baba, nakusikiliza."

Nikamwambia wa Nairobi kapewa elfu nane na waya hakuugusa. Mimi nataka elfu nne, na bila hivyo Pasaka ikiwakuta mtandao umelala, watanitafuta hadi Malindi wasinipate.

Hakukasirika. Alikoroga chai yake taratibu.

"Baba, kwa kazi yako elfu nne ni kidogo. Nitakupa elfu nne na mia tano."

Wakuu, mtu akikuongezea zaidi ya ulichoomba, inuka utafute mlango. Mimi nilikaa, nikaomba kikombe cha pili.

"Ila nina ombi," akasema. "Wenye hoteli wanataka zile waya ziwe na namba, na mchoro ukae ofisini. Na vile vitambaa baba, tuvitoe. Wafanyakazi wanaogopa."

"Mimi siandiki."

"Usijali. Karisa ataandika, wewe utamtajia. Na siku hizo zote utalipwa kwa bei mpya."

Nikampa mkono. Nilitoka mle kifua mbele, nikanunua nyama kilo mbili, nikamwambia Sidi mumewe sasa ni mtu wa elfu nne na nusu. Akaniuliza swali moja tu.

"Kwa siku ngapi?"

Nikamwambia wanawake hamjui biashara. Nayaandika haya ili nijisikie vibaya zaidi, nastahili.

Kazi ilichukua siku tisa. Mimi darini nikibandika namba, Karisa chini ya ngazi na daftari. Kichwa kilicholiwa na chumvi nilikibana upya pale pale mdomoni mwa dari, yeye akinimulikia tochi. Siku ya kwanza alikuwa anatetemeka.

"Charo, mimi nina watoto. Hiki kitambaa kina nini?"

"Kina jasho la Sidi. Andika: jikoni, namba moja."

Akacheka mpaka akakaa chini. Miaka yote ile, kumbe leso!

Siku ya sita hivi, akasimama kuandika, akanitazama kule juu.

"Mwenzangu, nikuulize. Ukimaliza kunitajia zote, wewe utabaki na nini?"

"Nitabaki na elfu nne na nusu. Andika."

Akaandika.

Nilifungua kila fundo kwa mkono wangu. Mengine yalikuwa yamekauka kama mfupa, nikayakata kwa kisu. Nikajaza gunia zima, nikalibeba hadi nyumbani. Sidi akamwaga pale uani, akaokota kipande cheupe. Akasema hii ndiyo leso aliyombebea kifungua mimba wetu.

Pasaka ikapita. Simu kimya.

Mwezi ule niliitwa siku mbili. Mwezi uliofuata, siku moja. Halafu kimya kabisa.

Nikajidanganya kwamba mtandao uko sawa kwa sababu nimefanya kazi nzuri. Lakini panya hawajastaafu, wakuu. Na chumvi haijahama.

Nikaenda, kisingizio nimesahau ngazi yangu. Mchoro nikaukuta ukutani stoo, si ofisini, umewekwa ndani ya plastiki, safi. Stoo haina mtu. Nikasikia vishindo juu.

Alikuwa Karisa. Yuko darini, tochi mdomoni, koleo jipya mkononi, anatafuta namba kwenye waya. Yule aliyekuwa anatetemeka.

Akashuka polepole. Hakunitazama usoni.

"Charo, usiniangalie hivyo. Nimeambiwa. Mimi ni wa mshahara, nikikataa naondoka."

"Nani amekufundisha kubana?"

"Wewe. Nimekutazama siku tisa."

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa siku mbili.

Nikaingia kwa Bi Rehema bila kubisha. Akasimama, akaniamkia vile vile, chai ikaletwa vile vile.

"Mmenifukuza?" nikamuuliza.

"La hasha baba! Nani akufukuze? Bei yako iko pale pale, hatujapunguza hata shilingi. Kukiwa na kazi kubwa tutakuita."

Na ni kweli, hajapunguza. Hakunidanganya hata neno moja, ndiyo maana sina wa kumshtaki.

Karisa simlaumu pia. Lakini alipopita kwangu Ijumaa nilijifanya nimelala, na nadhani alijua.

Funzo ni lile swali la Sidi. Ukienda kujadili bei ya siku, jadili kwanza ni siku ngapi. Waandike: kwa mwezi si chini ya siku kadhaa, kwa mwaka mzima. Mimi nilishinda bei nikasahau kwamba bei inazidishwa na kitu.

Na la pili, linaniuma zaidi. Nilidhani hawawezi bila mimi kwa sababu mimi ni fundi bora. Kumbe walikuwa wanaogopa vitambaa tu.

Nyinyi mnaofanya contract, nielezeni. Mchoro wa kazi yako unauuzaje? Unautoa bure, au una bei yake peke yake? Na mimi nilikosea kuutoa, au nilikosea kuuficha miaka kumi na moja? Semeni wazi, nimetukanwa na wakubwa kuliko nyinyi.

Sidi amefua vile vipande, amevianika kambani. Vinapepea hapo nje, vingine bado vina alama ya fundo.

Na kama kuna hoteli kuanzia Kikambala mpaka Malindi inatafuta fundi, bei yangu ni elfu nne na mia tano. Siishushi.