Kreti Chini ya Tangi

Kompyuta ilifika dukani Kisii mjini ndani ya boksi kubwa kuliko meza yangu, na kwa wiki kadhaa ilikaa imefunikwa kitambaa cha maua alichokishona mke wa mwenye duka. Familia yao ilikuwa imeuza misumari, mabati na mabomba pale tangu babu zao walipotoka India, na nyuma ya duka walikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma. Mimi nilikuwa nimetoka politekniki na cheti cha uchoraji wa kiufundi, na kichwa kigumu nilichozaliwa nacho. Nilimwambia mwenye duka waziwazi kwamba sitaki kusimama kaunta. Nataka kuchora.

"Chora basi," alisema. "Lakini fundi akishindwa kujenga na karatasi yako, kompyuta inarudi kwa boksi na wewe unarudi kwa misumari."

Fundi aliyemtaja alikuwa mzee wa Magwagwa, Msabato asiyegusa chuma siku ya Jumamosi hata umlilie. Nilimwita tata, kama tunavyowaita wanaume wote wa rika la baba zetu. Alikuwa hajawahi kufanya kazi kwa mchoro. Mteja alieleza kwa mikono, yeye akaitikia kwa kichwa, na geti likatokea. Nilijua kabisa kwamba nikimpa michoro ya shuleni, yaani mmoja wa mbele, mmoja wa ubavuni na mmoja wa juu, ataona vitu vitatu tofauti na kuuliza aanze na kipi. Kwa hiyo niliamua kuchora kwa isometriki, picha moja inayoonyesha kitu kizima kana kwamba unakitazama kwa juu, ukiwa kwenye kona yake.

Kompyuta ile ilipenda kazi hiyo. Niliandika amri, na ule msalaba wa kuongozea mistari kwenye skrini nyeusi ukalala kwa pembe ya nyuzi thelathini. Nikibonyeza kitufe cha F5 ulihama kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine, na kila mstari ulikwenda sawa bila rula. Politekniki nilikuwa nimefuta mistari kama hiyo hadi karatasi ikatoboka. Hapa nilifuta kwa kidole kimoja. Nilifurahi mno, nakiri, na pengine ndiyo sababu sikufikiria vizuri.

Kazi ya kwanza ilikuwa jukwaa la tangi la maji la zahanati ya kanisa, huko Nyamira. Mahali pa kulisimamisha palikuwa pameshasawazishwa na kumwagiwa zege. Nilichora miguu minne, vyuma vya kukingama na meza ya juu, nikaandika vipimo, nikampelekea fundi karatasi. Aliitazama kwa muda mrefu. "Nimeona," alisema, na mimi nikarudi kwenye kiti changu nikiwa na kiburi cha bure.

Jukwaa liliposimamishwa juu ya ile zege, liliinama kuelekea nyuma. Mguu wa kona ya mbele ulikuwa mrefu kuliko yote, wa kona ya nyuma mfupi kuliko yote, na ile miwili ya kando ilikuwa ya urefu wa kati. Mtu wa zahanati alicheka hadi akashika ukuta. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Niliingia karakana moto ukinitoka puani. "Tata, miguu yote nimeandika urefu mmoja! Mbona umekata hivi?"

Hakutikisika. Alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda, kiti chake cha kila siku, akimenya ndizi iliyochemshwa. "Moiseke," alisema, yaani msichana kwa Kigusii, "wewe ulichora mlima. Angalia." Akaweka kidole chenye masizi kwenye ile mistari ya chini, iliyopanda kulia na kushoto. "Hapa chini iko na mteremko. Na juu pia ukafanya imeinama. Maji si ingemwagika? Mimi nikakusaidia, nikanyoosha juu."

Amenisaidia! Nilikasirika, kisha nikaitazama tena karatasi. Huku kwetu nani amejenga mahali tambarare? Maisha yake yote, kabla ya kushika msumeno, aliuliza kwanza mguu upi unakaa upande wa juu wa mlima. Alipewa mistari inayopanda, akaona kile ambacho Mgusii yeyote mwenye macho angekiona. Ni mimi niliyesahau nimezaliwa wapi.

Mwenye duka hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema kuna jukwaa lingine, la shule ya msingi huko Nyamache, na hilo ndilo jaribio langu la mwisho. "Na hutamwelezea fundi kitu. Wewe ukiwa kila mahali unaelezea, karatasi ni ya nini? Iongee yenyewe."

Nilikaa mbele ya ile skrini siku mbili. Stima ilipotea mara tatu, nami nikajifunza kuhifadhi kazi kwenye disketi kila nikipumua. Sikuwa tayari kurudi kwa misumari, asilani. Nilichora jukwaa, nikalifuta, nikalichora tena, na bado mistari ilipanda kama mlima. Kisha nikatazama dirishani nikaona ile kreti ya fundi.

Niliichora chini ya tangi, katikati ya miguu minne, na chupa ishirini na nne ndani yake, zote zimesimama wima, jambo lisilowezekana kreti ikiwa kwenye mteremko. Kila mdomo wa chupa niliupigia hesabu na kuupindisha uwe yai dogo, jinsi isometriki inavyotaka. Printa ililia karibu robo saa. Nilimkabidhi fundi karatasi, nikafunga mdomo, na sijui kama nimewahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo.

Alitazama. Akaigeuza. Akaenda kwenye kreti yake, akasimama upande wa kona, akafumba jicho moja. Akapanda juu ya benchi, akaitazama tena kutoka huko. Ndipo akaanza kucheka peke yake.

"Kumbe si mlima," alisema. "Ni wewe ulipanda juu ya paa ukaangalia chini!"

Siku iliyofuata alikwenda Nyamache kupima kabla ya kukata. Alirudi mchana, akapita mezani kwangu bila salamu, akamwekea mwenye duka kipande cha mfuko wa simiti. Shule haikuwa imemwaga zege yoyote. Palikuwa na mteremko kweli.

Kwenye mfuko ule, kwa makaa, alikuwa amechora jukwaa likitazamwa kwa juu, kwenye kona. Miguu miwili ilikuwa mirefu, miwili mifupi, na meza ya juu imekaa sawa. Katikati aliweka kreti. Upande mmoja wa kreti alikuwa ametia jiwe, ili chupa zisimame wima.

Mwenye duka aliutazama mfuko, akanitazama mimi, kisha akaondoa kwa mkono wake mwenyewe kitambaa cha maua nilichokuwa nimeifunikia kompyuta.

"Ingiza," aliniambia.

Niliuingiza mchoro wote, pamoja na lile jiwe.