Tingatinga Lililomlaza Mume Wangu

Mume wangu ana maumivu ya mgongo ambayo kwa miaka mingi hakukubali kuwa anayo. Aliendesha mitambo ya kampuni za barabara, ile mikubwa inayokata mlima na kuusukuma bondeni, na kila jioni alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyebebeshwa kitanda. Nikimuuliza, ananiambia ni viatu. Nikamnunulia viatu vingine, akasema ni baridi ya Nyamira. Jua likawaka mpaka migomba ikanyauka, akasema kijana mmoja kazini alimpa kiti kibovu, na tangu hapo akaacha kujibu.

Kandarasi yake ya mwisho ilipoisha tulikaa chini tukakubaliana kununua mtambo wetu wenyewe, mdogo, uliotumika. Huku kwetu mashamba yamegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi yamekuwa membamba kama mikanda, na yote yameegemea mlima. Mtu akitaka kujenga nyumba lazima kwanza ardhi ichongwe iwe sawa, na mtambo mkubwa hauwezi kuingia bila kulala juu ya migomba ya jirani. Kwa hiyo tulitafuta lile tingatinga dogo ambalo badala ya magurudumu lina mikanda miwili ya mpira yenye meno, na mbele limebeba ndoo pana ya chuma ya kuzoa udongo. Halizidi sana ukubwa wa zizi la mbuzi. Linapita mahali ng'ombe anapita.

Kwenye wazo hilo tulikuwa kitu kimoja. Tulitofautiana kwenye kuchagua. Yeye aliuliza injini tu: ina nguvu kiasi gani, inanyanyua mzigo gani, inasukuma mafuta ya kunyanyulia ndoo kwa kasi gani. Mimi niliuliza kiti kikoje na mwili wa dereva unarushwa namna gani.

"Mama, kwani tunanunua tingatinga au sofa?" aliniuliza.

Nilimwambia tunanunua kitu ambacho yeye atakikalia kutoka asubuhi hadi jioni kwa maisha yake yaliyobaki, na kwamba mimi ndiye ninayemkanda kwa maji moto. Alisema hayo maji moto ni ya miguu.

Tingatinga la kwanza tulilikuta kwenye uwanja mmoja nje kidogo ya mji wa Kisii, ukishapita Daraja Mbili. Broka aliyekuwa akiliuza alikuwa amelipaka rangi mpya hadi kwenye nati. Alitupokea kama wakwe. Aliongea na mume wangu tu, mimi akaniletea kiti cha plastiki na soda, akaniweka kivulini. Lakini kivulini nilisikia vizuri. Alisema hilo ni dume, likiguswa linaruka, na kwamba wanaolalamikia mtikisiko ni watu wasiozoea kazi. Hapo nilimwona mume wangu akinyoosha shingo. Aliyesema hivyo alikuwa amemshika pabaya.

Nilinyanyuka nikaenda kuweka kiganja juu ya kifuniko cha injini. Kilikuwa moto. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba mtambo wa kununua unauwasha ukiwa baridi, kwa sababu injini mbovu ikishapashwa inajifanya nzima. Nilimtazama, naye akatazama mlimani.

Kuingia ndani ya tingatinga la aina ile ni shughuli. Hakuna mlango wa pembeni. Unakanyaga juu ya ndoo, unapita katikati ya mikono ya chuma, unajigeuza, kisha unakaa kinyumenyume kama kuku anayerudi kwenye mayai. Mume wangu alifanya hayo yote polepole sana huku akimweleza broka mambo ya hali ya hewa, ili ionekane ni maongezi yanayomchelewesha. Kisha akawasha.

Sitasema uongo, lilikuwa na nguvu. Kulikuwa na kisiki cha mkaratusi upande wa chini wa uwanja, nalo lilikiingia, likanguruma, likaking'oa na mizizi yake yote kama mtu anayeng'oa karoti. Broka akapiga makofi. Lakini mimi nilikuwa nikimtazama dereva. Ile mikanda ilikuwa imefungwa kwenye mwili wa mtambo bila springi ya namna yoyote, kwa hiyo kila jiwe lililokanyagwa lilipanda moja kwa moja hadi kwenye fuvu la mume wangu. Kofia ilimtoka. Kalamu ikaruka kutoka mfuko wa shati. Mdomo wake ulikuwa ukifunguka na kufungika, na mimi nikadhani anaimba, maana akiwa kazini huimba nyimbo za kanisani.

Alipolizima hakushuka. Broka alimngoja, mimi nikamngoja. Akasema anakagua geji. Baada ya kukagua geji akasema anakagua paa. Mwishowe nilipanda juu ya ndoo, nikampa mkono, naye akaniambia kwa sauti ya chini sana, "Nivute, lakini usionekane unanivuta."

Tulimuaga broka tukimwambia tutafikiria. Mume wangu alimwambia kwa heshima zote kuwa ni mtambo mzuri, halafu akapanda bodaboda kwa upande mmoja kama mwanamke aliyevaa gauni la harusi.

Tulichokikuta nyumbani sikukitarajia. Uani kulikuwa na watu. Wanawake wa kanisa walikuwa wameshawasha moto na kuweka sufuria kubwa ya ndizi, wanaume wawili walikuwa wakifunga turubai kwenye mparachichi, na mama mkwe wangu alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, mikono kichwani. Mzee wa kanisa alikuwa amesimama katikati akiomba, Biblia kwapani.

Mume wangu alishuka kwenye bodaboda akiwa amepinda, mimi nikiwa nimemshika kiuno. Mama mkwe alipotuona alisema jambo moja tu kwa Kigusii, kwamba Mungu ni mwema, amemrudisha akiwa na miguu.

Ilichukua muda kuelewa. Simu ya mume wangu ilikuwa kwenye mfuko wa shati pamoja na ile kalamu. Katika kurushwarushwa, simu ilijibonyeza yenyewe ikampigia mtu wa mwisho aliyeongea naye, yaani mzee wa kanisa. Mzee alipokea, akasikia ngurumo, vyuma vikigongana, na sauti ya muumini wake ikilia. Halafu simu ikakatika. Alipopiga tena haikupokelewa, kwa sababu mwenyewe alikuwa akikagua paa.

"Nilisikia kwa masikio yangu," mzee alisema mbele ya watu wote. "Ulisema, 'Mgongo wangu, mgongo wangu umekwisha, Bwana nipokee.'"

Kumbe hakuwa akiimba. Ndani ya ule mtambo, akijua hakuna anayemsikia, mume wangu alikuwa amesema yote aliyonificha mimi kwa miaka.

Mama mkwe alijifuta machozi, akamkazia macho mwanawe. "Tangu lini una shida ya mgongo?"

"Mama, kila mtu ana mgongo," alijibu.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuumiza zaidi kuliko kama wangecheka. Ndizi zilikuwa zimeshaiva, kwa hiyo watu walikaa wakala, na kila aliyemaliza alimpa dawa yake. Mmoja alisema majani ya mti fulani, mwingine alisema alale sakafuni. Mama mkwe alingoja wote wamalize, kisha akatoa hukumu: tingatinga lijalo mke ndiye atakayelikalia kwanza, na akilikataa limekataliwa. Mume wangu akasema yaya, kwa Kigusii, ili mama yake aelewe kwamba amekataa kabisa. Mama yake alielewa, akamwambia anawe mikono ale.

La pili lilikuwa Ekerenyo. Mwenyewe alikuwa mtu wa upande wa ziwani aliyekuja huku zamani kuuza mabati na saruji, akajifunza Kigusii chetu hadi matusi yake, na sasa alikuwa akijiandaa kurudi kwao. Nilimuuliza kwa nini asirudi na tingatinga lake.

"Mama, kule kwetu ni tambarare mpaka majini," alisema. "Nikalisawazishe nini?"

Rangi ya hilo tingatinga ilikuwa imepauka mpaka hujui ilianza ikiwa gani. Mwenyewe alituonyesha ubovu wake kabla hatujauliza: mkanda wa kushoto umelika meno upande wa ndani, na bomba moja la mafuta limebadilishwa juzi. Mume wangu alilizunguka mikono nyuma. Aliposikia injini yake ni ndogo kuliko ile ya Kisii, aliniambia kwa sauti ambayo mwenye mali angeweza kuisikia kwamba hili ni la kupandia viazi. Lakini aliweka kiganja juu ya injini, na nikaona uso wake ukibadilika kidogo. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mwenyewe alipoiwasha, ilikohoa mara moja, ikatoa moshi kidogo, ikatulia.

Nilikuwa nimevaa suruali ya mume wangu chini ya gauni kwa ajili ya siku hiyo. Nilikanyaga ndoo, nikapita, nikajigeuza, nikakaa. Kiti kilinipokea, kikashuka kidogo, kikatoa pumzi. Mwenyewe alisimama pembeni akanieleza: teremsha hiki chuma cha mapajani, la sivyo halitatii, mkono huu wa kwenda, mkono huu wa ndoo. Nilivuka ua wake polepole kama mtu anayepeleka mayai sokoni. Kulikuwa na mtaro wa maji ya mvua, na mawe. Niliyaona yakija, nikakaza meno. Yalipita chini. Niliyasikia, lakini hayakunifikia. Chini ya mtambo, ile mikanda haikukazwa moja kwa moja kwenye mwili kama ya Kisii. Ilishikiliwa na vyuma vyenye mpira ndani vinavyojipinda, hivyo mikanda inakwenda na ardhi, na wewe unakwenda na hewa. Nilipofika ukingoni sikutaka kushuka.

Mume wangu alipoingia aliamua kuliadhibu. Alilipandisha kwenye mteremko wa majani chai, akalishusha, akaliweka kwenye rundo la kifusi, akajaza ndoo hadi ikamwagika. Kisha akatafuta kisiki, maana alitaka kulinganisha. Alikikuta karibu na choo. Alikivamia kwa kishindo, na tingatinga likagoma. Mikanda ikachimba udongo, kisiki kikabaki palepale. Alinitazama kupitia kioo kama kusema, umeona?

"Usikipige," mwenyewe alimwambia kwa ishara na kwa mdomo. "Nguvu iko, ila inataka kuombwa."

Akarudi nyuma. Akakwangua udongo upande mmoja, akazunguka akakwangua wa pili, akakata mizizi kwa ukingo wa ndoo, akaingia chini taratibu, akainua. Kisiki kilitoka. Kilichukua muda mrefu kuliko kile cha Kisii, lakini kwenye kile cha Kisii dereva ndiye aliyeng'olewa.

Baada ya hapo alianza kusawazisha njia ya kupandia shambani, bila kuombwa na mtu. Tukamwacha. Mimi na mwenyewe tuliongea habari za watoto. Tukasikia injini imeshuka sauti, tingatinga limesimama katikati ya njia, ndoo imelazwa chini vizuri. Nikadhani anakagua geji. Nikashuka mbio.

Alikuwa amelala. Mikono mapajani, kichwa kimeegemea nyuma, mdomo wazi. Mimi nilijua usiku wake ulivyo, jinsi anavyogeuka na kugeuka akitafuta upande usiouma, kwa hiyo nilisimama pale kwenye matope nikamtazama, na nikajikuta natokwa na machozi kwa sababu ya kiti.

Mwenyewe alikuja, naye akachungulia. Akauliza kama tumwamshe.

"Mwache kidogo," nilimwambia.

Mvua ya kwetu haina adabu. Ilianza, nasi tukajibanza chini ya paa la stoo, tingatinga likiendelea kunguruma polepole na mume wangu akiwa ndani, mkavu. Mwenyewe alisema dizeli inayoungua ni yake, lakini alisema akicheka. Mvua ilipopungua, mume wangu aliamka, akazima, akashuka. Alishuka peke yake. Alikuja hadi tulipo akasema alikuwa akiisikiliza injini.

"Na ilikuwa ikisema nini?" nilimuuliza.

"Ilikuwa ikikoroma," mwenyewe alijibu kabla yake.

Biashara ilimalizika siku hiyo hiyo, na lori lilituletea tingatinga nyumbani wiki iliyofuata. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa Kenyenya, kusawazisha kiwanja cha mwalimu aliyerithi sehemu ya mlima ambayo hata mbuzi waliisusa. Mume wangu alifanya kazi hadi jua likashuka, akaja mezani, akala ugali sahani mbili, na hakuulizia maji moto.

Mimi nilikuwa nimekwenda kumpikia tu. Siku ya tatu nilimwomba anipe nisukume udongo kidogo, akanipa ili nichoke. Sikuchoka. Sasa tunabadilishana, yeye asubuhi, mimi mchana, na akina mama wa Kenyenya waliwahi kuja kusimama kando ya kiwanja na mitungi yao kichwani kuona kama ni kweli. Zamu yangu ikifika, yeye husimama mbele akinielekeza kwa mikono yote miwili, kushoto, zaidi, pole pole, hapo hapo, mdomo ukienda bila kupumzika. Mlango wa tingatinga letu ni wa kioo kizito, nao hufunga vizuri sana. Ninamwitikia kwa kichwa, kisha ninasukuma udongo ninakotaka mimi.