Jibu Lisilotamkwa

Binti yangu alipochaguliwa kujifunza kuandika mwenendo wa kesi mahakamani, nyumba nzima ilisoma sheria. Mimi shule niliiacha mapema, lakini ndimi niliyeshika karatasi na kumuuliza huku akiosha vyombo.

"Mdai?"

"Anayefungua kesi ya madai, mama."

"Mshtakiwa?"

"Anayeshtakiwa kwa jinai. Hajahukumiwa huyo, usimwite mhalifu."

Mjomba wake alikuwa hapiti bila kumchokoza, akimwita kasuku kwa kuwa kazi yake ni kurudia maneno ya wengine. "Mheshimiwa Kasuku, naweka pingamizi! Chai hii haina sukari."

"Pingamizi limekataliwa, mjomba. Sukari iko mbele yako."

Tulicheka, ila roho yangu haikutulia. Angepimwa kwa kesi moja tu. Akifaulu, angepewa kiti cha kudumu mbele ya meza ya hakimu. Akishindwa, angepelekwa masijala kubeba majalada.

Siku yenyewe niliaga naenda sokoni, nikaenda kukaa benchi la nyuma mahakamani. Jirani alikuwa amemfungulia jirani yake kesi ya madai kwa kumbomolea ukuta. Shahidi alikuwa bibi mmoja mwenye kilemba. Wakili wa mdai akamuuliza, "Bibi, ulimwona mdaiwa akibomoa ukuta?"

Bibi akatikisa kichwa juu na chini, kimya.

Kichwa hakiandikwi. Nililisoma hilo mwenyewe kwenye karatasi zake: shahidi asipotamka, mwandishi asimame, amwombe hakimu jibu litolewe kwa sauti. Nilimwona mwanangu akiinua uso, mdomo ukafunguka. Wakili alikuwa ameshaingia kwenye swali lingine. Mdomo ukafungika, vidole vikaandika.

Baadaye wakili wa mdaiwa aliomba jibu lile lisomwe.

Mwanangu akasoma, "Ndiyo, nilimwona."

"Nani, mimi?" bibi akashtuka. "Mjukuu wangu, mimi nilikuwa namwonyesha tu kwamba namsikia. Huo ukuta niliukuta umeshalala chini!"

Watu wakaangua kicheko. Hakimu hakucheka. Aliagiza jibu lifutwe, bibi aulizwe upya na atamke. Hakumfokea mwanangu, afadhali angemfokea. Alimwinamia msimamizi wa waandishi aliyeketi kando yake, akanong'ona naye.

Kwenye ngazi za nje binti yangu aliniona, wala hakushangaa.

"Uliona, mama?"

"Niliona. Mbona hukusimama?"

"Wakili alikuwa anaongea. Mtu mzima na joho lake, ningemkatiza vipi?"

"Si ndiyo kazi yenyewe, mwanangu?"

"Ndiyo yenyewe." Akajifuta macho kwa kiganja. "Nilijua jibu la kila swali uliloniuliza nyumbani. Hilo moja nililijua pia."



Kiti alipewa msichana waliyejifunza pamoja, ambaye mpaka leo huchanganya rufaa na marejeo, lakini haoni haya kuinua mkono mbele ya hakimu. Wangu yuko masijala, anarudi jioni na vumbi la majalada kwenye nguo. Nikimuuliza kama ataomba tena, hujibu kwamba nafasi hazijatangazwa.

Mlinzi wa mlangoni ananiambia kwamba binti yangu akipeleka jalada ukumbini hukawia kutoka. Husimama pembeni ya ukuta akisikiliza mashahidi, mpaka atumwe mtu wa kumwita.