Ngozi Niliyoiacha Kwenye Waya

Waya wa kipimo kile ulikuwa na ngozi nne, nami nilivua tatu. Naanza hapo makusudi, kwa sababu kila ninapoisimulia habari hii najaribiwa kuanza mbali, na boti iliyoleta sanduku, na kijitabu kilicholowa. Boti haina kosa, na kijitabu nimekwisha kukisamehe. Kosa lilikuwa langu, na shukrani ni za mama mmoja muuza kwanga, ile mikate ya mihogo, ambaye siku ya kwanza tulipokutana nilimfokea mbele ya watu.

Mimi ni fundi wa umeme hapa Kisangani. Baba yangu alikuwa akitengeneza redio katika mtaa wetu wa Waislamu, na nilijua kuchuna waya kabla sijajua kusuka nywele. Diploma sina. Nina mikono na nina ulimi, na huo ulimi umenifukuzisha kazi mara nyingi kuliko kukosa diploma. Mtu akianza kusema mwanamke hawezi kupanda nguzo, hamalizi sentensi, nimeshafika juu.

Kazi ninayoikumbuka hapa ilikuwa katika kiwanda kidogo cha sabuni. Sabuni hupikwa kwa mawese na soda kali, na kila aliyewahi kuipika nyumbani anajua kwamba soda ikikosa mafuta hutafuta ngozi ya mtu. Maji ya kuoshea masufuria ya kiwanda yalikusanywa katika shimo la saruji nyuma ya ukuta, kisha yakatolewa kwa bomba hadi kwenye kijito. Na chini ya kijito, mwendo wa kupiga kelele ukasikika, kina mama huloweka mihogo siku tatu nne mpaka ichache, ndipo waiponde wapike kwanga.

Aliyelinda lile shimo alikuwa mzee mmoja, papa kama tunavyosema kwetu, wa familia za wavuvi wa maporomoko, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Kazi yake ilikuwa kuchovya karatasi ndogo ndani ya maji. Ikigeuka buluu ya kukolea, anamimina tindikali kidogo kidogo kupunguza soda, anachovya tena, na rangi ikikubali ndipo anafungua vali. Lakini karatasi zilikuwa zikiisha, naye akawa anafungua kwa kukisia. Kina mama walipanda mpaka kwa mkurugenzi na mikono iliyobambuka. Mkurugenzi, nimtendee haki, hakuwatimua. Aliagiza mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa na akili rahisi. Inayapa maji namba, toka sifuri hadi kumi na nne. Ndimu na tindikali ziko chini, soda iko juu kabisa, na saba iko katikati, maji yasiyomdhuru mtu. Namba ikiwa kati ya sita na nane, vali inafunguka yenyewe. Ikipita hapo, vali inajifunga na taa nyekundu inamwita papa alete tindikali. Mikono ya wale mama ingetegemea namba hiyo. Fundi aliyetarajiwa kutoka Kinshasa hakufika, wakaniita mimi, na mkurugenzi akaniahidi kwamba mashine ikifanya kazi vizuri nitakuwa fundi wa kudumu wa kiwanda.

Sanduku lilipanda mto wiki nyingi, likatoka bandarini kwa toleka, limefungwa nyuma ya baiskeli pamoja na kuku wa mtu mwingine. Ndani mlikuwa na kisanduku chenye kioo cha namba, kijiti chenye tone la kioo chembamba kwenye ncha, la kutumbukiza majini, na waya wake. Kulikuwa pia na pakiti mbili za unga wa kuifundishia mashine: moja ukiikoroga katika maji safi inatoa saba kamili, nyingine inatoa kumi. Ile ya kumi ilipasuka safarini ikaganda kama chumvi ya zamani. Kurasa za Kifaransa za kijitabu zilikuwa zimeshikana, nikabandua zilizokubali kubanduka.

Nilifanya kazi siku tatu, na sitasema uongo, nilizifurahia. Nilikifunga kisanduku chini ya bati, mahali ambapo mvua ya upepo haifiki. Nyaya za umeme mkubwa nilizipitisha katika bomba lake, na waya wa kipimo katika bomba jingine, kwa kuwa kijiti kile hutoa umeme mdogo mno, na ukiulaza karibu na umeme mkubwa hausikiki tena. Kila tundu nililiziba, maana unyevu wa kwetu haubishi hodi. Kisha nikaushika waya wa kijiti. Nikavua mpira wa nje, nikausokota kando wavu wa shaba, nikakata plastiki nyeupe mpaka nikaufikia uzi wa ndani. Juu ya ile plastiki palikuwa na utando mweusi mwembamba, umeng'ang'ania. Nikaona ni nguo ya ziada, na katika unyevu huu nguo ya ziada ni baraka. Nikauacha mpaka mwisho, ukakazwa pamoja na uzi chini ya skrubu.

Kwa kuwa pakiti ya kumi ilikuwa imeharibika, niliifundisha mashine kwa ile ya saba peke yake. Nilitumbukiza kijiti, kioo kikaandika 7.00. Haikutikisika hata kidogo. Nilijipongeza kwa utulivu wake.

Siku ya kuizindua mkurugenzi alileta limonadi, akasimama na simu yake mbele ya shimo. Nikashusha kijiti ndani ya maji ya soda. 7.00.

"Bon," mkurugenzi akasema, "saba njo namba ya muzuri?"

"Muzuri kabisa, patron," papa akajibu. "Mungu alipumuzika siku ya saba."

"Na mbingu ziko saba," nikadakia mimi.

"Alors, wakristo na waislamu banakubali. Tufungue!"

Vali ikafunguka yenyewe, watu wakapiga makofi, na kuanzia saa ile niliitwa mama ingénieur, yaani mhandisi. Nani angeitilia shaka saba? Ingeandika tano au tisa, huenda mmoja wetu angekuna kichwa. Saba ilikuja imebarikiwa na dini zote mbili, tukainywea limonadi.

Siku tisa vali ilikaa wazi. Papa aliweka mbali dumu lake la tindikali kwa sababu hakuna aliyeliitisha. Mimi nilikuwa nikipita kila asubuhi kuiangalia namba yangu, jinsi wengine wanavyopita kumwangalia mtoto aliyelala.

Siku ya kumi, asubuhi, mama mmoja alisimama kwenye lango na beseni kichwani. Alikuwa wa umri wa shangazi zangu. Papa alimruhusu akaingia mpaka shimoni, nilipokuwa nikifuta vumbi kwenye kioo.

"Mama, maji yenu iko nateleza," akaniambia.

"Maji yote inateleza."

"Hapana. Hii iko nateleza sawa sabuni. Angalia mihogo."

Akashusha beseni. Mihogo ilikuwa ya manjano, haikuchacha, ilikuwa imelainika tu kwa namna isiyopendeza. Sikuitazama sana. Wafanyakazi wawili watatu walikuwa wameshasogea kusikiliza, na mimi mbele ya watu huwa sina breki.

"Mashine iko naonyesha saba!" nikamfokea. "Mashine hailali, haina wivu, haina kichwa kuuma. Weye unajua kuliko mashine?"

"Mi sijui namba, mama," akasema taratibu. "Mi najua mihogo."

Akafungua fundo la kitenge chake akatoa ndimu iliyokwisha kukatwa, akaanza kujipaka mikononi. Hapo ndipo nilipoitazama ile mikono. Ngozi ya viganja ilikuwa imetoka vipande vipande, na chini yake nyama ilikuwa nyekundu, laini, kama ya mtoto mchanga. Ndimu ilimchoma, nilimwona akiuma mdomo, lakini aliendelea kupaka.

"Ndimu njo inatoa ule utelezi," akanieleza. Kisha akaitazama mashine. "Na hii ndimu, mashine yako itaiita je?"

Hakuniuliza kwa kejeli. Nadhani alitaka kujua tu. Papa akaleta kikombe chake cha chai, mama akakamua ndimu mbili, nikaosha kijiti nikakitumbukiza. Tukasubiri. Kioo kikaandika 7.00.

"Ndimu pia iko saba," papa akasema.

Nimeaibika mara nyingi maishani, lakini siku ile nilisikia baridi miguuni, Kisangani, jua likiwaka. Nilikimbilia vali nikaifunga kwa mkono. Papa akatafuta karatasi zake za zamani, akapata moja chini ya godoro lake la zamu, akaichovya shimoni. Ikageuka buluu ya kukaribia weusi. Akaondoka mbio kwenda kuleta dumu la tindikali, na wale waliokuja kusikiliza wakamfuata kumsaidia kubeba. Tukabaki wawili, mimi na mama.

Nilifungua kisanduku. Bila kuombwa, yule mama akaja akanishikia kifuniko kwa vidole viwili, kwa sababu vingine vilikuwa vinauma. Nilitoa waya, nikaweka ncha za kipima umeme juu ya ule utando mweusi, mshale ukaruka. Utando ulikuwa unapitisha umeme kama mkaa. Ile niliyoiita nguo ya ziada ilikuwa imeunganisha uzi wa ndani na wavu wa nje, na habari yote ya kijiti ilikuwa ikipotelea hapo kabla haijafika. Mashine isiyosikia kitu huandika saba.

Niliukwangua kwa wembe, polepole, mpaka plastiki ikabaki nyeupe tupu kwa urefu wa kidole. Nikafunga tena. Katika kikombe cha ndimu namba ikaanguka mpaka mbili na kitu, ikawa inatikisika, inapanda, inashuka, ina uhai. Katika maji ya shimo ikapanda karibu na kumi na mbili, na taa nyekundu ikawaka kwa mara ya kwanza tangu izaliwe. Mama akacheka kidogo kuiona. Mimi nilitaka kulia.

Mkurugenzi alifika akiwa amekwisha kusikia nusu ya habari. "Nani aliona?" akauliza.

Kabla sijafungua mdomo, mama akajibu: "Ni huyu mama ingénieur. Alishuka mwenyewe kwenye kijito kutuuliza kama maji iko muzuri."

Uongo mtupu, na aliutamka bila kupepesa macho. Ningeweza kunyamaza. Kazi ya kudumu ilikuwa palepale mbele yangu, nikinyamaza ni yangu. Lakini baba alikuwa akisema mficha uchi hazai, na redio zake alizoziunguza alikuwa akizitaja yeye mwenyewe kwa mteja kabla mteja hajauliza. Nikasema: "Hapana, patron. Nilikosea kuunganisha waya, nikaifundisha mashine kwa pakiti moja. Mama alikuja kutuambia, nikamufokea."

Mkurugenzi aliniambia nisiondoke mpaka kazi iwe sawa, halafu akavua viatu vyake vizuri, akavaa buti za papa, akashuka kijitoni kuwaomba kina mama radhi. Kazi ya kudumu sikupewa siku hiyo. Nilipata pakiti ya kumi na karatasi mpya kwa mwalimu mmoja wa kemia, nikaifundisha mashine upya, na kwa wiki kadhaa papa alichovya karatasi kila mara vali ilipotaka kufunguka. Nilikuja kuajiriwa baadaye sana, kwa sharti moja ambalo mimi mwenyewe niliomba liandikwe ukutani: kila Jumatatu, kabla ya vali kufunguka, mmoja wa kina mama wa kijitoni analeta ndimu, na mashine inaijibu mbele yake.

Sasa Jumatatu ni siku ninayoipenda. Mara nyingi anakuja yuleyule. Anakamua ndimu, anasoma namba kwa sauti, maana namba ameshajifunza, kisha ananipa kwanga iliyofungwa kwenye majani, ngumu inavyotakiwa, yenye ule uchachu wake. Siku moja nilimuuliza kitu kilichokuwa kikinisumbua muda wote ule: kwa nini alidanganya ili kuniokoa, mimi niliyemtukana?

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua inalowesha.

"Bangekufukuza," akasema, "na ile maji, nani angeitengeneza? Fundi mwingine alikuwa wapi?"

Basi. Nami nilikuwa nimejiandalia jibu la huruma. Alikuwa amenihitaji tu, pamoja na ulimi wangu, na hakuna sifa niliyowahi kupewa katika kazi hii iliyonishibisha kama hiyo. Nilimshika mkono kumshukuru. Kiganja chake kimepona. Ngozi ni mpya, bado nyepesi kuliko ile ya mgongoni mwa mkono, na niliishika nikijua kabisa kwamba ile niliyoiacha kwenye waya ndiyo iliyomtoka yeye.