Tairi za Meno na Mgongo wa Baba

Baba alisema haingii tena kwenye gari langu. Alikuwa ameketi barazani kwake, mikono juu ya mkongojo, na hakupandisha sauti hata kidogo, jambo ambalo lilinikasirisha zaidi. Angenigombeza, ningejua la kujibu.

"Siku yangu ikifika mtanipeleka kaburini," alisema. "Lakini hospitalini na gari hilo, siendi ng'o."

Saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya mgongo wake. Kila mwezi alitakiwa kudungwa sindano katika hospitali ya Kapkatet, na daktari alikuwa ametueleza waziwazi, mimi na dada yangu, kwamba hazitamponya. Zingeizuia mifupa isivunjike na kumpunguzia maumivu, basi. Akizikosa, angelala asiinuke tena. Kwa hiyo baba alipolikataa gari nilimwona kama mtu aliyekataa kuishi, na mimi hasira zangu ziko karibu, yeyote anayenijua atakwambia.

Tena gari lenyewe nilikuwa nimelitengeneza kwa ajili yake! Sisi ni Wakisii. Baba alikuja huku akiwa kijana kuchuma majani kwenye mashamba makubwa ya chai ya Kericho, na alipostaafu akanunua kipande cha ardhi upande wa Merigi, mahali pazuri kwa chai na pabaya kwa magurudumu. Mvua ikinyesha, njia ya kutoka kwetu hadi lami inakuwa sabuni. Safari moja tulikwama humo naye akiwa ndani. Gari langu ni lile la mgongo mrefu, kwa hiyo tulikuwa tunalaza viti vya nyuma na kumtandikia godoro. Majirani waliokuja kusukuma wakachungulia, wakamkuta amejinyoosha chini ya blanketi kama mtoto. Aliumia sana kwa hilo, maana alikuwa mtu wa kusimama wima. Wiki hiyo hiyo nikaenda Kericho nikafungiwa tairi za meno makubwa, zile za kupita kwenye matope, nne zote mpya. Niliringa nazo, sikatai.

Matope yalishindwa. Shida ilianza tulipogusa lami. Tulipokuwa tunatoka Bomet kuelekea Kaplong nilisikia baba akiugua nyuma yangu, kwanza kidogo, halafu mfululizo. Akasema gari linamtafuna. Mimi mbele sikusikia cha ajabu ila mvumo, kama posho mill ya jirani ikisaga mahindi, na nilishaambiwa tairi za meno huvuma. Usukani ulikuwa umetulia mikononi.

Hata hivyo nilimrudia fundi wa matairi. Akacheka, akaniambia hizo ndizo tabia zake, nikitaka kitanda nikalale nyumbani. Nilimtazama mpaka akaacha kucheka. Akapima upepo, na kumbe tairi zilikuwa zimejazwa hadi zikawa ngumu kama jiwe, kwa sababu huku kwetu gari lolote lenye mgongo mrefu hujazwa kama la mzigo. Leo lisipobeba majani ya chai, kesho litabeba kabichi au watu wa matanga. Langu lilibeba mzee mmoja aliyekuwa anazidi kukonda. Akapunguza upepo, akapandisha magurudumu ya mbele kwenye mashine ya balansi, ile ya kupima kama gurudumu linazunguka sawasawa, akatikisa shoki za kuzuia mrusho kwa mikono miwili, akasema kazi yake kwenye gari hili imekwisha, liko sawa. Na kweli, kwenye mawe ya njia yetu lilikuwa limelainika. Nikamwahidi baba kwamba yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Safari iliyofuata, kufika Kapkatet alikuwa ametapika kwa maumivu, na dada yangu alimfuta mdomo kwa kanga yake huku akiniangalia. Tuliporudi nyumbani ndipo baba akasema lile neno la kutoingia tena.

Nikamwendea dada yangu jikoni. Yeye ndiye aliyekuwa akimtunza baba, kumwogesha, kumlisha, yote. Nikabwata kwamba mzee amekata tamaa na sasa anasingizia gari, kwamba usukani ule naushika kwa vidole viwili na hautikisiki. Alikuwa akichambua mboga za managu. Hakuinua hata uso.

"Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake," akasema.

Alisema tu kama watu wasemavyo, kuninyamazisha. Nikanyamaza kweli, maana kwetu mwana halali wala hakai kwenye kitanda cha baba yake, hata baba akiwa safarini. Tangu nilipotahiriwa sijawahi kuvuka mlango wa chumba chake cha kulala, na yeye tangu nioe hajaingia nyumbani kwangu. Hiyo ni chinsoni, heshima iliyochanganyika na haya, na sisi hatukuiacha Kisii tulipohama. Godoro la garini nalo lilikuwa kitanda chake, na dada yangu ndiye aliyelitandika na kulitoa. Mimi nilikuwa nafungua mlango wa nyuma, natazama pembeni. Kwa hiyo nilikuwa nimelikagua gari lote kutoka kiti kimoja, na wala hakuna aliyenitarajia nifanye vingine.

Nilimkuta baba palepale barazani. Nilishindwa kulisema jambo lenyewe, nikalizunguka. Nikamwambia, "Baba, ubaya wa gari hili siwezi kuujua nikiwa mbele."

Akanielewa kabla sijamaliza, nikaona kwa jinsi alivyoshusha macho. Nilidhani nimemtukana, nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

"Baba yangu angekufukuza," akasema. Kisha, "Nenda kalale."

Nilipokuwa nikipanda nyuma ya gari, alishika mkongojo wake, akajigeuza taratibu pale kitini, akaangalia ukuta.

Dada yangu aliendesha. Godoro lilikuwa na harufu ya dawa ya kuchua na ya baba mwenyewe, na niliona haya hata macho nikayafumba. Kwenye njia ya mawe sikuhisi tatizo. Lakini kwenye lami, mwendo ulipochanganya, kitu kikaanza chini ya sakafu, kati ya magurudumu mawili ya nyuma, palepale baba alipokuwa akilaza kiuno. Haukuwa mrusho. Ulikuwa mtetemo mdogo, wa haraka, usiopumua. Ukaingia nyongani, ukapanda uti wa mgongo pingili kwa pingili mpaka kwenye meno. Dada akipunguza mwendo unatulia, akiongeza unarudi. Mimi nina mgongo mzima, na kabla ya Kaplong nilikuwa nikigonga kiti nikimwomba asimame. Nikashuka, nikakaa kwenye nyasi kando ya michai, nikalia kilio cha mtu mzima. Mzee yule alikuwa ameubeba mtetemo huo kwenda na kurudi, akiwa na mifupa iliyooza.

Tulipitiliza hadi Kericho siku hiyo hiyo. Fundi aliposikia kwamba tatizo liko nyuma, akasema bila kuona aibu yoyote kwamba magurudumu ya nyuma hawayafanyii balansi. Usukani hauyasikii, akasema, na wateja hawalalamiki. Ni kweli hawalalamiki, kwa kuwa mteja ndiye anayeketi mbele. Nilimwambia ayafungue yote mawili, na nikasimama karibu naye kuliko alivyopenda. La kwanza lilipozungushwa kwenye mashine lilicheza kama ngoma. Ndani ya rimu udongo wetu mwekundu ulikuwa umeganda upande mmoja, umekauka ukawa tofali. Akaubandua kwa bisibisi, akagonga vipande vya risasi vya kusawazisha uzito hapa na pale, akalizungusha tena mpaka likatulia. La pili nalo likataka risasi nyingi. Nililala tena nyuma wakati wa kurudi, njia nzima, na sikuinuka mpaka niliporidhika.

Jioni nilimwambia baba, "Nimelala. Ulikuwa unasema kweli." Akaitikia kwa kichwa tu. Siku ya sindano ilipofika alikuwa amevaa koti lake kabla hatujamwita.

Tulipita Bomet, hakuugua. Tulipita Kaplong, kimya. Dada yangu, aliyeketi kando yangu, aligeuka mara kwa mara kumtazama, mwisho akaninong'oneza kwamba amelala. Wiki nyingi baba hakuwa amelala usingizi wa maana, usiku wala mchana. Dada yangu alikuwa akimsikia kupitia ukuta. Sasa alikuwa amefungua mdomo, mkono mmoja umeanguka nje ya blanketi, anakoroma.

Tukafika lango la hospitali. Nikalipita.

Dada yangu akasema tumepita. Nikamwambia najua. Akageuka kumtazama baba, kisha akaangalia mbele. Niliendesha mpaka Litein, nikageuza gari polepole kabisa, nikarudi, na langoni bado alikuwa anakoroma, kwa hiyo nikaenda tena.

Tulipoingia hatimaye, foleni ilikuwa imejaa na muuguzi akatuambia tungoje hadi alasiri. Baba aliamka, akajipangusa macho, akatazama jua lilivyopanda. Akauliza kwa nini tumechelewa hivyo.

Nikamwambia njia ilikuwa mbaya.