Kanda Waliyoikagua Bila Sauti

Siku moja naikumbuka, mwanangu, hata nisipotaka kuikumbuka. Jana uliniuliza kama kile kipindi cha vichekesho vya wakubwa kinawafaa wanao, ukasema, "Mama, ni mzaha tu." Basi keti. Sitakujibu kwa upole, maana neno hilo "mzaha tu" nililisikia zamani, na mpaka leo halijaniteremka kooni.

Ilikuwa hapa hapa Malindi, miaka ya themanini. Ami Salim, ndugu wa baba, alikuwa dobi katika hoteli ya watalii, na mgeni mmoja alipoondoka akamwachia kanda ya vichekesho vya Kizungu. Ami ndiye pekee mtaani aliyekuwa na deki ya video, na vijana wote tulimganda atuonyeshe. Yeye, mtu wa dini na heshima zake, akasema kwanza wazee waikague. Hapo sina la kumlaumu.

Wakakaa watatu juu ya mkeka, yeye na majirani wawili, nami nikawamiminia kahawa. Sauti wakaipunguza mpaka ikafa, kwa kuwa Kizungu hawakukijua na kelele zake ziliwaudhi. Wakatazama kwa macho tu: tajiri mmoja, mkewe, na mtumishi wao wa kike, mnene, aliyekuwa akianguka na masufuria. Wakacheka hadi kofia zikawatoka. Mwisho Ami akatoa hukumu: "Hapana aliye uchi, hapana wanaobusiana. Watoto na watazame."

Bi Zena, somo aliyewafunda wasichana wa mtaa mzima, alikuwa kaketi mlangoni na mke wa Ami. Akauliza, "Na huyo mtumishi, mbona kila mtu afunguapo kinywa yeye huinamisha uso? Wamwambia nini?"

"Bi Zena," Ami akamtania, "wewe na ngoma zenu za ndani, na maneno yake hayo ya chumbani, ndiwe wa kutukataza mzaha?"

"Ngoma zetu twafunga mlango," akajibu. "Mwari asiyeolewa hatumwingizi. Na twachekana wenyewe kwa wenyewe, nikikuimba nawe waniimba. Huyo hajibu."

Wakamcheka. Jungu kuu halikosi ukoko, lakini nani amsikilize bibi kizee penye televisheni?

Vijana tuliitazama Ijumaa baada ya sala, sauti juu. Sisi Kiingereza tulikisoma shuleni, tukaelewa. Tajiri alikuwa akimtupia yule mtumishi maneno ya chumbani, akimpigia honi ya lori kwa mdomo kila apitapo, na watu wasioonekana wakiangua kicheko. Athmani, mtoto wa Ami, akageuka akanitazama. Nami nilikuwa msichana mnene, mwanangu. Nilijua kabla hajasema kitu.

Jumatatu, njiani kwenda shule, nikasikia honi nyuma yangu. "Piii! Mpisheni lori!" Kisha jina la yule mtumishi, ambalo silitaji. Kisha yale maneno. Haukupita muda hata watoto wadogo wa chuo cha Kurani, wasiojua maana yake, wakawa wanayasema. Nikamshitakia Ami. "Utani wa binamu huo, hauna neno," akasema. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nikaanza kupita vichochoro vya nyuma, kisha nikawa nachelewa, kisha sikwenda tena. Nilikuwa kidato cha pili, na kwa hesabu hakuna aliyenishinda. Baba akaniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Uongo. Koleo langu lilikuwa hilo moja.

Bi Zena alipopata habari alimwendea Ami barazani, mbele ya watu. "Mlikagua kwa macho kitu kinachoingia kwa masikio," akamwambia. "Ungemwita mwanao akufasirie."

"Nimwulize mtoto?"

"Ndiyo. Maana sasa wanafundwa na hiyo kanda yako, si na mimi."

Ami akaingia ndani. Kanda akaivunja. Mimi shule sikurudi. Athmani alimaliza, akapata kazi nzuri, na kila sikukuu hunijia na mkono wa Idi, "Dada, u hali gani?" Wallahi hakumbuki. Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Mimi, mtu akicheka nyuma yangu njiani, mkono hulivuta buibui wenyewe.

Basi mwanangu, usiniulize kama kuna aliye uchi. Keti nao, sauti juu, na usilolielewa waulize wanao bila haya, kwa kuwa watoto ndio wajuao. Kisha tazama ni nani anayechekwa, na kama anapewa nafasi ya kujibu. Ikiwa hapewi, zima, hata wakilia. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Na ukimwona mmoja wao hacheki na wenziwe, huyo mwite kando umsikilize.

Mola awape wanao vicheko visivyomliza mtu. Na yule binti yako mdogo, mjukuu wangu aliyerithi mwili wangu, Mungu amjaalie aende shule kwa njia kuu, na arudi kwa njia kuu. Amin.