Swichi ya Bububu

Makungu Shaame alikuwa fundi wa umeme mwenye mikono mizuri na choyo cha kazi. Nasema hivyo nami nilikuwa rafiki yake, meza zetu zimepakana kwenye banda moja la mafundi Darajani, Unguja mjini. Waya zake zote alizifunga nyeusi, rangi moja, bila alama, ili kitu kikiharibika asiitwe mwengine.

Mwaka 1956 aliitwa Hurumzi kwa Bwana Hasnain, muuza vitambaa. Mzee huyu aliagiza gari moshi la kuchezea, akalitandikia reli juu ya meza kubwa ghorofani, kuigiza ile reli ya zamani ya kutoka mjini kwenda Bububu, aliyoisafiria utotoni kabla haijang'olewa. Makungu alimfungia kisanduku cha swichi: ukibonyeza, reli inahama, gari linaacha kuzunguka mjini na kushika njia ya Bububu. Basi kila alasiri Bwana Hasnain akawa anakwenda Bububu, na kanzu yake haipati vumbi.

Binti yake, Dilshad, ndiye aliyeona mbali.

"Fundi, nibandikie vikaratasi, nijue waya upi unakwenda wapi."

"Bi Dilshad, hayo tuachie sisi," Makungu alimjibu huku akicheka. "Likitokea la kutokea niite, nnakuja mara moja."

Mwaka uliofuata mzee aliugua moyo, na daktari hakumficha Dilshad kwamba siku zilizobaki ni chache. Mgonjwa aliomba jambo moja tu: kitanda chake kiwekwe kando ya meza, alione gari lake likifika Bububu. Swichi ikakataa. Makungu alikuwa mbali shamba, Mkokotoni, harusini kwa dada yake, na salamu tulizompelekea kwa gari la shamba zilimfika kesho yake.

Nikaitwa mimi. Nilifungua kisanduku, nikakuta waya ishirini na nne nyeusi, zimesongamana kama tambi. Nilipapasa tangu adhuhuri mpaka magharibi, nikiogopa kuunguza chote. Gari lilizunguka palepale mjini, na kila lilipokaribia njia panda Bwana Hasnain aliinua kichwa kidogo, kisha akakirudisha kwenye mto. Alifariki alfajiri. Mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Matanga yalipokwisha, nilikwenda na Makungu kutoa pole. Dilshad alitupokea vizuri, akatupa kahawa, kisha akamwambia Makungu, "Nataka kujua kilikuwa nini."

Makungu alifungua kisanduku, akavuta waya mmoja uliochomoka chini ya zile nyengine, akaurudisha na kuukaza. Kahawa yangu ilikuwa bado ya moto. Akabonyeza, na gari likashika njia ya Bububu.

"Ushamaliza?"

"Nshamaliza, Bi Dilshad."

"Kumbe kazi yenyewe ndogo hivi."

Hakupaza sauti. Tulipokuwa tunashuka, Makungu alikaa kwenye ngazi akalia. Nilikuwa rafiki yake, lakini siku ile sikumbembeleza.